Ardhi Iliyoitwa Tupu

Wareno walikaa Malindi sehemu kubwa ya karne ya 16. Walikuwa na ghala la biashara na kanisa dogo karibu na ufuo, na Francis Xavier alipotia nanga hapo mwaka 1542 akielekea India, alimzika baharia mmoja wa msafara wake. Walikuwa waandishi hodari hao. Waliandika juu ya vitambaa na pembe za ndovu, juu ya uhasama wa Malindi na Mombasa, juu ya kusi na kaskazi. Lakini katika makaratasi yao yote, Gedi haitajwi kwa jina hilo hata mara moja, ingawa mji huo ulikuwa kilomita kama 16 tu kusini mwao, mwendo wa asubuhi moja kwa mtu aliyeamka mapema.

Na Gedi haikuwa kijiji cha kupitwa bila kuonekana. Ilizungukwa na kuta, ilikuwa na msikiti mkuu na misikiti mingine midogo, jumba la mtawala, visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, vyoo ndani ya nyumba, na bakuli kutoka China. Kaburi mojawapo limechongwa tarehe yake: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Karibu miaka mia moja kabla Vasco da Gama hajakaribishwa na mtawala wa Malindi, Aprili 1498, watu wa Gedi walikuwa wakizikana kwa tarehe na kwa mawe.

Karne ya 17 ilipokuwa ikiendelea, mji ulihamwa. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza kule Zanzibar, alipofika mwaka 1884 alikuta kuta ndani ya msitu. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikapatangaza kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria, na mwaka 1948 James Kirkman akaanza kufyeka na kuchimba, kazi iliyomchukua takribani miaka 10. Nyumba alizozifukua alizipa majina ya vitu alivyookota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Ukiingia leo utaona milango ya tao iliyobaki wima bila dari, vidaka ukutani, na mizizi ya mitamba iliyoshuka juu ya kuta ikazikumbatia mpaka hujui kipi kinamshikilia mwenziwe. Kima hushuka kutoka juu kutafuta ndizi za wageni. Julai 2024 UNESCO iliiandika Gedi katika orodha ya urithi wa dunia.

Kitu kimoja mgeni haonyeshwi, kwa kuwa hakipo tena cha kuonyesha. Watu wengi wa Gedi hawakuishi katika nyumba za mawe. Waliishi katika nyumba za fito, udongo na makuti, ndani na nje ya ukuta, na nyumba hizo zilirudi ardhini misimu michache tu baada ya wenyewe kuondoka. Kinachoitwa mji uliobaki ni mtaa wa matajiri. Mtaa wa wengine umekuwa udongo mwekundu na miti, na mpita njia asiyeambiwa ataapa kwamba hapo hapakuwahi kuishi mtu.

Hapo ndipo penye shina la jambo ninalolisema. Kutoka Takaungu hadi Ngomeni, kila mara mahali palipoandikwa kuwa patupu palikuwa na mwenyewe. Ama alikuwa amefukuzwa juzi, ama alikuwepo siku hiyo hiyo ila hakuwa na ukuta wa mawe wa kumtolea ushahidi. Historia ya pwani hii inaweza kusimuliwa kwa misafara ya merikebu, kama vitabu vya shule vinavyopenda. Mimi naona inasomeka vizuri zaidi kwa kufuata mahame.

Malindi yenyewe iligeuka mahame. Mji uliompeleka twiga China mwaka 1415 na kuzipokea jahazi kubwa za Zheng He ulishikwa na mikasa mfululizo mwishoni mwa karne ya 16. Mwaka 1589 jeshi la Wazimba lilifika mlangoni, na kama si Wasegeju kuwavamia, mji ungekwisha siku hiyo. Wasegeju haohao wakaichukua Mombasa na kumkabidhi mtawala wa Malindi. Ushindi huo ndio uliouua mji. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, mtawala akahamia Mombasa na baraza lake, na biashara ikamfuata. Malindi ikabaki na watu wachache na kisogo wazi, huku Waoromo, ambao pwani iliwaita Wagala, wakishuka na mifugo yao kutoka kaskazini. Wazungu waliopita kwa meli katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 waliona magofu na vichaka. Nguzo ya Vasco da Gama ilikuwa bado imesimama kwenye rasi. Waliokuwa wakiitazama walikuwa wametoweka.

Kutoweka kwa watu wa mji hakukuwa na maana kwamba nchi nzima haina mtu. Waoromo walichunga humo. Wasanye, wanaojiita Waata, waliwinda kwa pinde nzito za sumu na kurina asali kuanzia msitu wa Sokoke hadi nyika ya Tsavo. Na upande wa magharibi, juu ya vilima, walikuwepo watu wa makaya: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wajibana, Wakambe, Waribe, Warabai, na wenzao Waduruma na Wadigo kusini zaidi. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, mbali kaskazini, wakajikusanya katika vijiji vya ngome ndani ya misitu. Watu wa mjini waliwajumlisha wote kwa jina la Wanyika, watu wa porini, na wamisionari kina Johann Ludwig Krapf wakalichukua jina hilo wakalichapisha. Ilichukua hadi miaka ya 1940 kwa wenyewe kulitupa na kujiita Mijikenda. Jina la zamani lilikuwa na madhara kuliko tusi la kawaida: mtu akishaitwa wa porini, shamba lake nalo huhesabiwa kuwa pori.

Katika karne hiyo ya 19 makaya yenyewe yalianza kuhamwa. Hatari za vita zilipungua, watu wakaongezeka, biashara ya mahindi na pembe ikakua, na familia zikashuka kutafuta ardhi mpya, Wagiriama wakisogea kaskazini mpaka wakavuka mto Sabaki. Lakini kaya haikuachwa kwa maana ya kutupwa. Wazee walirudi kufanya tambiko, fingo, kinga ya kaya, lilibaki limezikwa mahali pake, na kukata mti humo kulikuwa kosa la kutozwa mbuzi. Wataalamu wa misitu walikuja kugundua baadaye kwamba mabaki bora kabisa ya msitu wa asili wa pwani yapo katika makaya hayo yasiyokaliwa na mtu. Mwaka 2008 UNESCO iliyaandika kama urithi wa dunia. Msitu uliobaki umebaki kwa kuwa una mwenyewe anayeogopwa.

Malindi ilifufuliwa karibu na mwaka 1861. Sultan Majid wa Zanzibar alipeleka askari wa Kibaluchi kuulinda mji, nyuma yao wakaja Waarabu na Waswahili kutoka Lamu, Mombasa na kwingineko, na nyuma yao, kwa kamba na minyororo, maelfu ya watumwa. Ardhi ilikuwa ya kufyeka tu. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima juu ya ardhi iliyokufa: isiyo na mwenyewe wala zao humilikiwa na anayeihuisha kwa kuilima, kuipanda au kuichimbia kisima. Ni kanuni yenye busara, kwani haimpi mtu ardhi kwa kuitazama kutoka barazani. Tatizo ni nani alishika jembe. Aliyeihuisha ardhi ya Malindi ni mtumwa kutoka Nyasa au Uyao, na jina lililoandikwa ni la bwana wake. Kufikia miaka ya 1880 mji ulikuwa ukisafirisha mtama na ufuta kwa shehena za majahazi hadi Arabuni, na wageni walikuwa wakiusifu kama ghala la nafaka la pwani.

Watumwa nao walijua matumizi mengine ya pori. Waliokimbia, watoro, walijijengea miji yao nyuma ya mashamba: Makongeni karibu na Sabaki, Fuladoyo ndani zaidi. Katika ramani za wakati huo eneo hilo ni karatasi nyeupe yenye mto mmoja, na weupe huo ndio uliokuwa ngao yao. Humo walilima, waliuza nafaka, walijilinda kwa bunduki, na Fuladoyo walikuwamo pia Wakristo waliojifunza dini kutoka misheni ya Rabai. Ngao ilitoboka mwaka 1883 watu wa mabwana walipoivamia Fuladoyo, na kiongozi wa Wakristo hao, David Koi, akauawa. Hata hivyo utoro haukukoma mpaka utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria mwaka 1907.

Kufikia wakati huo mwenye kalamu alikuwa mwingine. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar barani ni ukanda wa maili 10 za bahari kutoka ufuoni. Hakuna mto wala kilima kilichofuatwa. Shamba la Mgiriama lingeweza kuwa nusu kwa Sultani na nusu kwa nani sijui. Mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya na kuukodi ukanda huo kutoka kwa Sultani.

Swali likazuka London: serikali inayolinda tu, isiyoimiliki nchi, inaweza kumuuzia mlowezi ardhi? Wanasheria wa Taji walitoa jibu mwaka 1899. Walisema penye nchi isiyo na dola inayotambulika, ardhi isiyokaliwa wala kutumika iko mikononi mwa mlinzi. Juu ya jibu hilo ikajengwa Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902. Serikali ingeweza kuuza au kukodisha ardhi ambayo wenyeji hawaikalii, na pale walipoacha kuikalia, ikahesabiwa kuwa imerudi kwa Taji. Tafakari maana yake kwa mkulima wa Kilifi. Hapa udongo ni mwepesi na mvua ni ya kubahatisha; shamba hulimwa misimu kadhaa, kisha hupumzishwa, mwenyewe akasogea na kurudi baadaye. Kwa sheria hiyo, shamba linalopumzika lilikuwa shamba lililokufa.

Ndani ya ukanda wa maili 10 mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwa kuwa humo kulikuwa na watu wenye hati za kadhi na Sultani. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wote wenye madai wayalete mbele ya msajili katika muda uliowekwa. Atakayethibitisha apewe hati. Ardhi isiyodaiwa na mtu ihesabiwe kuwa ya Taji. Kwenye karatasi hakuna aliyefungiwa mlango. Lakini tangazo lilihitaji msomaji, dai lilihitaji ramani ya mpimaji na ada, na msajili alikaa mjini. Waarabu, Waswahili wenye nafasi na Wahindi walifika. Watu wa ukoo wa Mazrui wa Takaungu, waliokuwa wamehamia huko baada ya Sultani Sayyid Said kuichukua Mombasa mwaka 1837, walijua thamani ya karatasi. Wamijikenda wengi hawakufika. Wengine hawakupata habari, wengine hawakuona sababu ya kwenda kumwomba mgeni shamba la babu, na maofisa nao walishaamua kwamba mahali pao ni hifadhi ya Nyika huko ndani. Vivyo hivyo watumwa walioachwa huru mwaka mmoja tu kabla ya sheria hiyo: walibaki kwenye mashamba yaleyale, sasa wakiwa watu huru wasio na hata kiwanja cha kaburi. Ardhi ya Malindi na Kilifi iligawanyika mara mbili, ya wenye hati na ya Taji, na katika sehemu zote mbili waliokuwa wakilima hawakuandikwa.

Ng'ambo ya Sabaki palikuwa na tatizo kinyume cha utupu. Wagiriama waliovuka mto walikuwa wanafanikiwa. Bonde lilikuwa na rutuba, waliuza nafaka Malindi kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mtu mwenye nafaka ya kuuza hana haja ya kwenda kuchuma pamba kwenye shamba la Mzungu. Serikali ilitaka vitu viwili, ardhi ile na mikono ile, na njia ya kuvipata vyote kwa mpigo ilikuwa kuwarudisha watu kusini ya mto. Arthur Champion, ofisa aliyepelekwa Ugiriamani, alipewa kazi ya kukusanya kodi na kuandikisha vibarua.

Mekatilili wa Menza, mama mjane wa makamo, alizunguka vijijini mwaka 1913 akichezesha ngoma ya kifudu na kuwaapisha watu viapo vya kutokutii: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi. Inasimuliwa hadi leo kwamba alimwekea Champion kuku mwenye vifaranga mbele yake, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, na kuku akamparura. Oktoba 1913 yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka wakatembea kurudi nyumbani. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Kisii hadi Malindi kwa basi, akashuka miguu imevimba, ataelewa kwa nini watu waliwaona kuwa si binadamu wa kawaida.

Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti. Walilipua mahali ambapo hapakuwa na wakazi wa kudumu kwa miongo mingi, jambo linaloonyesha kuwa wao wenyewe hawakuamini kwamba penye msitu mtupu hapana kitu. Vita vikafuata. Askari wa King's African Rifles walichoma nyumba na kuswaga mbuzi. Wagiriama wapatao 150 waliuawa. Waliobaki wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa kutoa vibarua 1,000. Kaskazini ya Sabaki ikahamishwa watu, nyumba kwa nyumba. Hivyo ndivyo ardhi tupu hutengenezwa. Jambo la kuchekesha, kama pana la kuchekesha, ni kwamba Wazungu waliotarajiwa kuijaza hawakuja kwa wingi uliotarajiwa, Malindi ikakosa nafaka, na baada ya miaka michache serikali ikawaachia Wagiriama warudi ng'ambo. Mekatilili, aliyekuwa amekamatwa tena, alirudishwa nyumbani mwaka 1919.

Uhuru haukuifuta karatasi ya 1908. Katika barua walizobadilishana serikali za Kenya na Zanzibar Oktoba 1963, ambazo kwazo Sultani aliuachilia ukanda wa pwani, Kenya iliahidi kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Ardhi ya Taji nayo ikabadilika jina tu, ikawa ya serikali. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Mambrui au Gongoni chini ya mwembe wa babu yake alilala mwenyeji akaamka skwota. Neno hilo limeingia katika Kiswahili cha Kilifi kama jina la ukoo. Wenye hati wengi wanaishi Mombasa, Nairobi au ng'ambo ya bahari, na pwani imezoea utaratibu usioeleweka bara: nyumba ni yako, mnazi ni wako, ardhi chini yake ni ya mwingine, nawe unamlipa kodi ya kiwanja mtu ambaye hujapata kumwona.

Chini ya utaratibu huo wa serikali kuna mwingine wa kienyeji, na David Parkin aliutafiti huko Kaloleni miaka ya 1960 katika kitabu chake kuhusu minazi, tembo na mashahidi. Anayeuza mnazi huuza mbele ya wazee, tembo likinyweka. Siku ya ugomvi, wazee walewale ndio hati. Mti uliopandwa, kaburi, na mdomo wa aliyeshuhudia. Mfumo huu una ubaya wake, maana shahidi hufa na shahidi hununuliwa, lakini si kweli kwamba haukuwepo.

Kigango ni sehemu ya ushahidi huo. Ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kwa umbo la mtu, imejaa pembetatu zilizokatwa kwa usahihi wa mshona vikoi, na husimikwa kwa ajili ya mzee marehemu wa chama cha Gohu. Familia ikihamia mahali pengine, kigango hakihamishwi. Kimesimama, kitasimama pale hadi kioze; huko waendako watachonga kibao kidogo cha kumkumbusha marehemu kuwa hajasahauliwa. Kuanzia miaka ya 1970 wezi walivifuata katika maboma yaliyohamwa, wakiving'oa usiku na kuviuza kwa maduka ya sanaa, na vingi vikafika Marekani. Wanunuzi waliambiwa ni vitu vilivyotelekezwa, kwa kuwa boma halikuwa na mtu. Mwaka 2007 vigango viwili vilirejeshwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani baada ya wanaanthropolojia Monica Udvardy na Linda Giles kuvifuatilia hadi familia vilikotoka. Hoja hiyo ya utelekezaji ni ileile ya 1902, safari hii ikitumiwa na mwizi.

Utupu mwingine wa pwani hii uliwavutia watu kwa sababu za haki kabisa. Luigi Broglio, mhandisi wa Kiitalia, alikuwa akitafuta mahali pa kurushia setilaiti, akapata ghuba ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, digrii 3 hivi kusini ya ikweta. Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Upande huo wa mashariki ni Bahari ya Hindi, hakuna mji wa kuangukiwa na vipande. Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya kwanza kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliondoka Ngomeni ikiwa na darubini ya kupima miali ya eksirei kutoka angani. Waliipa jina Uhuru. Kabla yake wanasayansi walikuwa wamechungulia anga hiyo kwa dakika chache kila mara kwa roketi ndogo. Uhuru ilizunguka zaidi ya miaka miwili na kuorodhesha vyanzo 339 vya miali, kimojawapo Cygnus X-1, ambacho baadaye kilikubaliwa kuwa shimo jeusi. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel. Wavuvi wa Ngomeni waliombwa wakae mbali siku za kurusha.

Ufuo mkavu wa Gongoni, Kurawa na Marereni ulipata wageni wa aina nyingine. Tambarare zile za chumvi, zisizoota kitu, zinaonekana kama mahali pasipomfaa mtu. Kampuni za chumvi zikakodishiwa maelfu ya ekari. Lakini nyuma ya tambarare kulikuwa na vijiji, kulikuwa na visima, na mbele yake mikoko ambamo kaa na kamba huzaliana. Wananchi walilalamika kufukuzwa, kuzibiwa njia za baharini na visima kugeuka chumvi, mpaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara Magarini na kutoa ripoti mwaka 2006. Huko huko Magarini serikali na Australia walikuwa wamejaribu mpango mkubwa wa makazi kuanzia miaka ya 1970. Walipima viwanja vya mraba juu ya ardhi ambayo Wagiriama waliilima kwa zamu, kana kwamba haijawahi kulimwa. Maji waliyoyatafuta chini yalikuwa haba au ya chumvi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 Waaustralia walikwisha kukata tamaa. Mwaka 2014 ikawa zamu ya mpango wa Galana Kulalu, ekari 1,000,000 za kulisha nchi nzima kwa mahindi ya umwagiliaji. Kilichoonekana kwanza ni shamba la majaribio la ekari 10,000, na hilo nalo likasuasua. Wafugaji waliozoea kulisha mifugo humo hawakuwahi kuliona pori hilo kuwa la bure.

Sipendi kuandika juu ya Shakahola, lakini haiwezekani kuruka. Aprili 2023, katika msitu wa shamba kubwa la Chakama, nyuma ya Malindi, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa dhehebu walioambiwa wafunge kula mpaka wafe. Miili iliyofukuliwa ilipita 400, mingi ya watoto. Watoro wa Fuladoyo walijificha humo humo nyuma ya Malindi wakiokoa roho zao. Pori halina upande. Likiwa halina jirani mwenye sauti, halina mtu wa kuuliza moshi huu wa nani, na wenyeji waliouliza Shakahola hawakusikilizwa upesi.

Kwa upande wa ardhi, sheria imesogea. Katiba ya 2010 ilitambua ardhi ya jamii, pakiwemo mahali pa ibada na ardhi ya wawindaji, na mwaka 2012 Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ikafutwa ilipotungwa Sheria ya Usajili wa Ardhi. Mwaka 2013 serikali iligawa maelfu ya hatimiliki pwani kwa shamrashamra. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeweka ngazi za kusajili: jamii ijiandikishe, ichague kamati, ipimiwe mipaka. Ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe. Mwaka huohuo Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilipewa mamlaka ya kusikiliza dhuluma za kihistoria za ardhi, na walalamikaji wakapewa miaka 5 kuleta madai yao. Muda huo uliisha Septemba 2021, na mwaka 2023 mbunge wa Kilifi Kaskazini, Owen Baya, akapeleka bungeni mswada wa kuufungua upya, akijua vyema wangapi kwao hawakuwa wamefika.